Kadhi, Mwanawe na Mahakama ya Kubuni: Sheria na Ukoo kutoka Gazi hadi The Trial of Christopher Okigbo

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki wamezoea kumtazama mtunzi kama mwalimu, karani, mwanahabari au mfungwa wa kisiasa. Nafasi ya mwanasheria haijapewa uzito unaostahili. Katika pwani ya Kenya, hata hivyo, mwanasheria wa kwanza hakuwa wakili aliyefunzwa London. Alikuwa kadhi, mtu aliyeamua mashauri ya ndoa na mirathi, akasomesha, akahutubu na aghalabu akatunga. Makala haya yanafuatilia taaluma hiyo katika nyumba moja ya Wamazrui: kuanzia kazi nyingi za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) hadi riwaya ya pekee ya mwanawe, Ali Mazrui (1933–2014). Hoja inayotetewa ni kwamba sheria, ambayo mwana hakuifuata kama kazi, ilimrudia kama kiunzi cha riwaya. Na kwamba swali analoulizwa mshairi wa Nigeria katika riwaya hiyo ni swali ambalo historia ya Gazi imeuwekea ukoo wa Mazrui wenyewe.

2.0 Gazi na Madai ya Ukoo

Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliukomesha utawala wa Wamazrui wa Mombasa. Baadhi ya waliosalimika walielekea kaskazini, wakakaa Takaungu. Wengine walikwenda kusini, wakaweka makao Gazi, katika eneo la Msambweni ambalo leo limo katika Kaunti ya Kwale. Huko Gazi, Mbaruk bin Rashid alijijengea mamlaka yaliyotegemea mashamba ya watumwa pamoja na wafuasi wa Kidigo na Kiduruma, na mara kwa mara alipambana na Masultani wa Unguja. Mwaka 1895 mzozo wa urithi wa madaraka ya Takaungu ulimkabilisha na Waingereza. Ngome yake ya Mwele, bara ya Gazi, ilitekwa Agosti mwaka huo. Aprili 1896 alivuka mpaka akaingia katika milki ya Wajerumani, na utawala wa Gazi ukaisha.

Kisa hiki kina wadai wengi. Kwa ukoo, ni habari ya haki iliyoporwa. Kwa dola ya kikoloni, ulikuwa uasi. Kwa waliolima mashamba ya Gazi bila hiari yao, hakikuwa hiki wala kile. Yeyote anayekiandika, kwa hiyo, hukuta shauri limekwisha kufunguliwa.

3.0 Kadhi Mwenye Kalamu

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa miaka michache kabla ya vita hivyo. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili lililoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, lililochanganya Kiswahili na Kiarabu. Mwaka huohuo alishika ukadhi wa Mombasa. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa aliokuwa nao hadi kufariki. Makala zake za magazetini, zilizokusanywa katika Uwongozi, zinawaonya Waislamu wa pwani juu ya kudorora kwa elimu, uigaji wa mambo ya Kizungu na desturi alizoziona hazina msingi katika dini. Humo anasikika msomi aliyezoea kutoa hoja, kuileta dalili yake, kisha kukata shauri.

Kazi yake nyingine ni historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa, aliyoiandika kwa Kiarabu. Tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na J. McL. Ritchie, ilichapishwa mwaka 1995. Hapa ndipo panapozuka tatizo la kihakiki. Katika fiqhi ya Kishafii, ushahidi wa mzazi kwa faida ya mwanawe, au wa mwana kwa faida ya mzazi, haupokelewi. Kanuni hiyo ni ya mahakama, haiwafungi waandishi wa historia. Hata hivyo, inafaa kukumbukwa kwamba aliyeishika kalamu hiyo aliijua kanuni hiyo vyema. Kadhi, ambaye kazini alitakiwa awe mbali na pande zote mbili, katika historia yake alikuwa jamaa wa upande mmoja.

4.0 Riwaya kama Mahakama

Sheikh Al-Amin alitarajia mwanawe akasome Al-Azhar, Cairo, aje kuwa mwanachuoni wa sheria. Alifariki Ali akiwa na umri wa miaka 14, na njia ikageuka. Kijana alifanya kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, akapata ufadhili wa kusoma Uingereza, kisha akapitia vyuo vikuu vya Manchester, Columbia na Oxford. Alikuwa profesa wa sayansi ya siasa Makerere ilipochapishwa The Trial of Christopher Okigbo mwaka 1971.

Okigbo aliuawa mwaka 1967 akipigania Biafra. Katika riwaya, anashtakiwa ahera, katika Afrika ya wafu, kwa kosa la kuutanguliza ukoo wake mbele ya sanaa yake. Mkenya Hamisi anatwikwa utetezi. Apolo-Gyamfi wa Ghana anaongoza mashtaka. Fani hii haikutoka moja kwa moja katika baraza la kadhi. Mawakili wawili wanaoshindana mbele ya umma ni urithi wa mahakama za Kiingereza. Lakini kuhesabiwa matendo baada ya kifo ni jambo la kale katika tenzi za pwani, ambamo kaburi na Kiyama vimesawiriwa kwa karne nyingi. Riwaya imeunganisha mirathi miwili: utaratibu wa mahakama ya mkoloni na hofu ya hukumu iliyolelewa msikitini.

Wapo wahakiki waliolalamika kwamba wahusika wa Mazrui hutoa hotuba kuliko kuishi. Lawama hiyo ina ukweli. Mara nyingi profesa humfunika mtunzi. Lakini udhaifu huo una chanzo kinachoeleweka. Mtunzi huyu aliiendea bunilizi kwa njia ya hoja, na umbo la kubuni lililoweza kubeba hoja bila kuvunjika lilikuwa shauri.

La muhimu zaidi ni maudhui ya shtaka. Baba aliandika historia ili jina la ukoo lisipotee. Mwana alibuni mahakama inayouliza iwapo kuupenda ukoo kupita kiasi ni kosa. Riwaya haiitaji Gazi katika shtaka lake, na si lazima iitaje. Mbaruk naye alitanguliza haki ya ukoo, na watu wasiokuwa wa ukoo huo walilipa sehemu kubwa ya gharama. Kwa kulipeleka shtaka Nigeria, Mazrui alipata umbali ambao baba yake hakuwa nao. Aliweza kuwapa mshtaki na mtetezi nafasi ya kusema, jambo ambalo ni gumu mtu anapoandika habari za babu zake.

5.0 Hitimisho

Safari ya nyumba hii inaonyesha kwamba kuhama kutoka sheria kwenda bunilizi kunaweza kuchukua vizazi viwili, na kwamba bunilizi huweza kusikiliza mashauri ambayo jamaa wa mdai hawezi kuyaamua. Hata hivyo, umbali uliomfaa mtunzi umeacha pengo. Katika mahakama ya Mazrui mshairi maarufu amepata mtetezi; watumwa wa Gazi na Wadigo wa Msambweni hawakuitwa kutoa ushahidi. Riwaya itakayowaita, ikiwezekana kwa Kiswahili au Kidigo, italirudisha shauri hili mahali lilipoanzia.