KAFYU YA CORONA: Mzigo ulivyomlemea asiye na hati ya mshahara

KUANZIA Machi 27, 2020 hadi Oktoba 20, 2021, Wakenya waliishi chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Katika kipindi hicho cha karibu miezi 19, mjadala kuhusu hatua za serikali dhidi ya janga la corona uliendelea bungeni, mahakamani, ndani ya matatu na hata matangani.

Mara nyingi mjadala huo ulielezwa kana kwamba ulikuwa mvutano kati ya uhai na riziki. Aliyeunga mkono kafyu aliambiwa hawajali maskini. Aliyeipinga akaambiwa anataka watu wafe. Hata hivyo, anayerejelea maagizo yenyewe, tarehe baada ya tarehe, ataona kwamba lililowauma wengi lilikuwa jambo jingine. Vikwazo viliwekewa kila mtu, ilhali nafuu ilipitishwa katika njia ambazo wananchi wengi hawazitumii.

Kisa cha kwanza cha ugonjwa huo nchini kilitangazwa na aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, mnamo Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe. Mnamo Machi 25, alitangaza kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ambayo ingeanza kutekelezwa siku mbili baadaye.

Aprili 6, usafiri wa kuingia na kutoka jiji la Nairobi na viunga vyake ulipigwa marufuku. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifuata Aprili 8, kisha Mandera baadaye mwezi uo huo. Mwezi Mei, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale, Mombasa, nayo ilifungwa.

(Sisi tunaohariri tulibishana sana kuhusu msamiati. “Amri ya kutotoka nje” ni maneno sahihi na yenye heshima, lakini hayatoshei katika kichwa cha habari cha safu moja. “Kafyu” ikashinda. Wenzetu wa Tanzania walibuni jina UVIKO-19, ambalo halikushika mizizi hapa kwetu.)

Siku iyo hiyo ya Machi 25, Rais alitangaza pia hatua za kiuchumi, na hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Wanaopata mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato. Kiwango cha juu cha kodi ya mishahara kilipunguzwa kutoka asilimia 30 hadi asilimia 25, na vivyo hivyo kodi ya faida za kampuni. Ushuru wa ziada ya thamani, VAT, ulishuka kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14 kuanzia Aprili 1. Rais na naibu wake walikubali kukatwa asilimia 80 ya mishahara yao.

Benki Kuu nayo ilipunguza kiwango chake cha riba kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25. Aidha, ada za kutuma pesa kwa simu ziliondolewa kwa kiasi kisichozidi Sh1,000.

Kwenye karatasi, ulikuwa mpango mkubwa na wa haraka. Tuupime sasa kwa mifano mitatu.

Mfanyakazi aliyekuwa akipata Sh24,000 alikuwa akikatwa kodi ya karibu Sh1,580 kila mwezi. Fedha hizo zilibaki mfukoni mwake. Meneja wa Sh200,000, kwa viwango vipya vilivyoanza Aprili, aliokoa zaidi ya Sh11,000 kwa mwezi. Mama mboga, kinyozi, fundi wa jua kali na kibarua wa mjengo hawakuokoa hata senti kutokana na punguzo hilo, kwa kuwa hawana hati ya mshahara inayokatwa kodi.

Nao si wachache. Kwa mujibu wa shirika la kitaifa la takwimu, KNBS, watu wanane kati ya kila kumi wenye ajira nchini, wakulima wadogo wasipohesabiwa, wamo katika sekta isiyo rasmi. Punguzo la VAT halikuwasaidia sana pia, maana chakula chao kikuu, unga wa mahindi, hakikuwa kikitozwa ushuru huo.

Kwa upande mwingine, kafyu iliwagonga palepale wanapopatia riziki yao ya kijungu jiko. Anayefahamu mitaa kama Kawangware, Kayole au Bangladesh kule Mombasa anajua kwamba biashara ya barabarani huchangamka jioni, vibarua wanaporejea nyumbani na ujira wa siku. Hapo ndipo samaki hukaangwa, chapati husukumwa na sukuma wiki hukatwakatwa kwa wapishi waliochelewa. Saa moja jioni ilikuwa ndiyo saa ya kuuza; serikali ikaifanya kuwa saa ya kufunga.

Asubuhi nako kulikuwa na shida yake. Anayenunua bidhaa katika soko la jumla hulazimika kufika kabla hakujapambazuka ili apate mboga bora kwa bei nafuu. Matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba wanane tu, na nauli ikapanda. Mchuuzi akawa analipa zaidi kwenda kununua mali ambayo angeiuza kwa saa chache zaidi.

Serikali haikuwasahau kabisa. Ilitenga Sh10 bilioni za kuwapa pesa wazee, mayatima na wasiojiweza, na baadaye ikaanzisha mpango wa Kazi Mtaani, uliowaajiri vijana wa mitaa ya mabanda kusafisha mitaro na barabara. Mnamo Mei 23, 2020 ilitangaza mpango mwingine wa kufufua uchumi wa Sh53.7 bilioni. Lakini mchuuzi wa umri wa miaka 45, mwenye afya na watoto wanne, hakuwa mzee, yatima wala kijana wa Kazi Mtaani.

Utekelezaji ndio uliotia chumvi kwenye kidonda. Kafyu ilitolewa chini ya sheria ya kulinda utulivu wa umma, na kwa hivyo ikawa kazi ya polisi. Jioni ya kwanza kabisa, abiria waliokuwa wakisubiri feri Likoni walirushiwa vitoa machozi kabla ya saa za kafyu kufika. Siku chache baadaye, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Rais aliomba radhi kwa ukatili wa polisi mnamo Aprili 1, na baadaye afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji ya mvulana huyo.

Chama cha mawakili, LSK, kilikuwa kimeelekea mahakamani. Mnamo Aprili 16, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe haikukiuka Katiba, lakini nguvu kupita kiasi zilizotumiwa na polisi zilikiuka. Uamuzi huo uliweka mpaka ambao wanasiasa wa pande zote walikuwa wameshindwa kuuona. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa Juni, mamlaka inayochunguza utendakazi wa polisi, IPOA, ilisema imepokea taarifa za vifo 15 vilivyohusishwa na maafisa tangu kafyu ianze.

Hasira ilizidi mwezi Mei wakati maelfu ya wakazi wa Kariobangi, Nairobi, walipobomolewa nyumba msimu wa mvua, huku wakihimizwa na serikali iyo hiyo wakae nyumbani.

Haki ni kusema pia kwamba waliotoa maagizo hayo hawakuwa na nafasi ya kungoja ushahidi kamili. Machi 2020 hospitali za Italia zilikuwa zimefurika, na Kenya ilikuwa na vitanda vichache mno vya wagonjwa mahututi. Takwimu rasmi za vifo vya corona nchini zilifikia zaidi ya 5,600. Kuna wanaosema idadi hiyo inathibitisha kwamba vikwazo vilifaulu, na wapo wanaosema inathibitisha havikuhitajika. Idadi yenyewe haiwezi kuamua.

Waliotaka kafyu iondolewe waliitolea mfano Tanzania, ambako Rais John Magufuli alikataa kuwafungia watu. Uchumi wa nchi hiyo ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka wa 2020, nao wa Kenya ukanywea kwa asilimia 0.3. Lakini Tanzania iliacha kuchapisha takwimu za maambukizi mwishoni mwa Aprili 2020, kwa hivyo upande mmoja wa mizani ulikosa jiwe la kupimia.

Isitoshe, si hasara yote iliyotokana na maagizo ya Nairobi. Wakulima wa maua Naivasha walitupa mazao yao kwa sababu soko la Ulaya liliporomoka. Watalii wa kimataifa, waliozidi milioni mbili mwaka wa 2019, walikuwa chini ya 600,000 mwaka uliofuata. Sekta ya hoteli na mikahawa ilinywea kwa karibu nusu. Kwa jumla, idadi ya wenye ajira ilishuka kutoka milioni 18.1 hadi milioni 17.4.

Kilichowafanya wengi waache kusikiliza mawaidha ya Wizara ya Afya kilikuja baadaye. Agosti 2020 ziliibuka tuhuma kuhusu ununuzi wa vifaa vya kukabiliana na corona katika mamlaka ya kusambaza dawa, KEMSA, na Rais akawapa wachunguzi siku 21 wakamilishe kazi. Wakati huo huo viongozi, wakiwemo wa ngazi za juu, walihutubia mikutano mikubwa huku mipango ya mazishi ya raia ikidhibitiwa. Mikutano ya kisiasa ilisimamishwa kwa siku 60 mnamo Novemba 4, maambukizi yakiwa tayari yamepanda.

Kisha likaja suala ambalo kwa maoni yangu halikujadiliwa vya kutosha. Desemba 31, 2020 muda wa kutuma pesa bila ada ulikamilika. Kesho yake, Januari 1, 2021, VAT ilirudi asilimia 16, nacho kiwango cha juu cha kodi ya mishahara na kodi ya kampuni vikarudi asilimia 30. Kafyu haikurudi popote, ilibaki.

Machi 26, 2021 kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa upya na baa zikaamriwa zifunge, bila punguzo hizo za VAT na ada kurejeshwa. Wiki moja baadaye, Shirika la Fedha Duniani, IMF, liliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.34 kwa Kenya, na maelfu ya Wakenya wakalilalamikia mitandaoni, wakitaka serikali yao isikopeshwe tena. Juni mwaka huo, kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na maeneo jirani zikawekewa kafyu ya saa moja jioni, kama ile ya siku ya kwanza, wakati maeneo mengine yaliruhusiwa hadi saa nne usiku.

Vikwazo vya Nairobi na kaunti jirani vilikuwa vimeondolewa Mei 1. Kafyu ilifutwa nchini kote wakati wa sherehe za Mashujaa Dei, Kirinyaga, Oktoba 20, 2021. Nafuu ya kodi ya mapato kwa mishahara isiyozidi Sh24,000, iliyotangazwa Machi 2020, iliendelea baada ya janga. Sharti la kuvaa barakoa hadharani liliondolewa Machi 11, 2022.