Dawa ya picha na adui yake hewa

Vitabu vya historia ya picha vinasifia kamera tu, wakati kazi yenyewe ilikuwa inafia kwenye beseni la dawa!

Zamani karatasi nyingi za picha zilianikwa juani chini ya negativu, picha inajitokeza yenyewe. Karatasi za bromaidi zilipoingia sokoni miaka ya 1880, ikabidi zisafishwe kwa dawa gizani. Na dawa hizo zinapenda oksijeni balaa. Pirogaloli, kwa mfano, ikikaa kidogo inageuka rangi ya chai na kuchafua kila kitu.

Mwaka 1882 Mwingereza Herbert Berkeley akaonyesha kwamba ukitia salfaiti ya sodiamu, dawa haiharibiki upesi. Kwangu mimi huyu jamaa ndiye shujaa, ila nani anamtaja? Haidrokwinoni ilishajulikana tangu 1880, metoli ikaja 1891, na hizo mbili pamoja na salfaiti ndizo zilizozaa dawa kama Dektol ya Kodak. Chupa ikijaa na kufungwa vizuri, hiyo hukaa miezi 6. Ikibaki nusu, miezi 2. Ukishaichanganya na maji kwenye beseni, saa 24 basi.

Halafu kila karatasi inayopita inaacha bromaidi humo, dawa inazidi kuwa nzito kufanya kazi, weusi unakuwa kijivu. Fundi mbahili alijulikana hapo.

Wajanja walitumbukiza gololi kwenye chupa iliyopungua, dawa ipande mpaka shingoni na hewa ikose pa kukaa.