Mgonjwa hawezi kupanda ngazi za ndege? Liseme hili mapema

Kwa familia ya Kyela, Ipinda au Matema inayompeleka mgonjwa Dar kwa ndege, safari huanzia barabarani: Tukuyu, Uyole, Mbeya mjini, hadi Uwanja wa Ndege wa Songwe. Ni zaidi ya kilomita 100. Lakini kwa asiyeweza kutembea vizuri, pagumu zaidi huwa pale mwisho kabisa, kwenye ngazi za ndege.

Songwe ilianza kazi Desemba 2012 badala ya uwanja wa zamani wa Mbeya mjini. Abiria hutoka jengoni, hutembea hadi ilipo ndege, kisha hupanda ngazi. Hakuna madaraja ya kuingilia ndegeni kama ya Terminal 3 ya Dar.

Ngazi hazifanani

Dash 8 Q400 ya Air Tanzania, yenye viti 76, iko chini na ngazi zake zimo kwenye mlango. ATR ya Precision Air ni hivyo hivyo, ila abiria huingilia nyuma. Airbus A220 iko juu zaidi, huletewa ngazi ndefu.

Alama tatu za kujua

Mashirika ya ndege duniani hutumia alama hizi kwenye tiketi:

- WCHR: anapanda ngazi, ila hawezi kutembea mbali.
- WCHS: hawezi ngazi, ila ndani ya ndege anajisogeza mwenyewe.
- WCHC: hawezi kutembea kabisa, anasaidiwa hadi kwenye siti.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukisema tu "anahitaji kiti mwendo" na tiketi ikaandikwa WCHR, kiti kitamfikisha mgonjwa chini ya ngazi, basi.

Kwa WCHS na WCHC hutumika gari la kuinua abiria hadi mlangoni, mserereko wa kusukumia kiti, au kiti chembamba chenye mikanda kinachobebwa na wahudumu waliofundishwa. Kumbeba mtu mgongoni kwenye ngazi ni hatari kwa wote wawili.

Kabla ya safari

- Toa taarifa angalau saa 48 kabla.
- Uliza kifaa gani kitatumika Songwe, na kipi Dar wakati wa kushuka.
- Hakikisha alama sahihi imeingizwa kwenye tiketi.
- Kiti mwendo chako kwa kawaida husafirishwa bure. Kama kina betri ya lithiamu, sema mapema.
- Aliyefanyiwa upasuaji karibuni aulize kuhusu fomu ya daktari.

Sheria inasemaje?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Mkataba huo unataja usafiri waziwazi. Kwa hiyo kuomba msaada wa kupanda ndege si kuomba fadhila. Ukinyimwa, anza na shirika la ndege kwa maandishi. Wasipojibu, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).