Waliosoma Moshi: Historia ya Walinzi wa Moto Shinyanga na Geita Ambayo Haijawahi Kutrendi

Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka, na kila simu nchini ikawa na video ya moto ule. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wengi wao wa kujitolea. Ilikuwa sahihi kabisa dunia kuangalia. Ila kanda ya ziwa moto wa nyika unakuja kila mwaka, miezi ileile, na kuna watu wanaoukodolea macho kabla haujawa habari. Hao hakuna anayewarekodi.

Marekani kazi hii ina heshima yake. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1910 kule Idaho na Montana, Wamarekani walijenga minara ya kuangalia moto juu ya milima, na mtu akawa anakaa humo peke yake majira yote ya kiangazi. Mwandishi Jack Kerouac aliifanya kazi hiyo mwaka 1956 kwenye kilele kinachoitwa Desolation Peak. Alikaa siku 63 tu, na mpaka leo watu wanapanda kwenda kupiga picha pale.

Usukumani hakuna mnara. Kuna mawe. Yale mawe makubwa ya Shinyanga yaliyobebana, ambayo mgeni anayaona mazuri tu kwa selfie, ukiwa juu yake unaona vijiji kadhaa kwa mara moja.

Na hapa ndo historia inapogeuka kichekesho kidogo, maana serikali ilianza kwa kuutaka moto. Miaka ya 1920 tatizo kubwa lilikuwa mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe na kuwapa watu malale. Mwingereza mmoja, Charles Swynnerton, aliongoza utafiti wa mbung'o pale Shinyanga, na mpango wake ulikuwa hivi: nyasi zisichomwe mapema. Ziachwe mpaka mwisho wa kiangazi, zikiwa kavu kabisa, halafu zichomwe zote kwa pamoja ili moto uwe mkali na kuua vichaka wanamojificha nzi. Swynnerton aliandika matokeo yake mwaka 1925 na jina lake likabaki kwenye vitabu. Lakini mpango wa namna hiyo ulisimama juu ya kitu kimoja: watu wa kawaida, kijiji kwa kijiji, kuuzuia moto kwa miezi mpaka siku yake ifike. Mrina asali mmoja akiacha kijinga chake porini mwezi wa Julai, kazi ya mwaka mzima imekwisha. Majina ya waliozuia hayapo.

Baada ya hapo miti iliendelea kukatwa. Mbung'o, mashamba ya pamba, mifugo mingi, halafu vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 vikahamisha watu mbali na maeneo waliyoyatunza. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alifika Shinyanga, akaiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na jibu lake halikutoka Ulaya. Lilikuwa ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zinaachwa zisimame, halafu linafunguliwa katikati ya kiangazi wakati kwingine kote kumebaki vumbi. Wasukuma walikuwa nalo toka zamani. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye rekodi zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipoisha mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, kwenye vijiji 833. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Mkoa wa Shinyanga wa enzi hizo ulikuwa mkubwa, hata Bukombe ilikuwa humo. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012 na kuichukua.

Sasa fikiria kiangazi. Kote nyasi zimeliwa, moto hauna cha kula. Sehemu pekee yenye nyasi ndefu zilizokauka ni ngitili. Yaani kadiri kijiji kinavyotunza vizuri, ndivyo kinavyojiwekea kuni. Na ikiungua mwezi wa Septemba hakuna mbadala, ng'ombe hawana pa kwenda mpaka mvua.

Ndiyo maana mlinzi wa ngitili anasoma hewa kama dereva anavyosoma barabara. Asubuhi upepo umetulia na moshi unapanda wima. Mchana jua likichoma ardhi, visulisuli vinaanza kuzunguka na vumbi, na upepo unaweza kugeuka ghafla. Moshi mzito unaokaa palepale siku mbili tatu huenda ni tanuru la mkaa. Moshi unaohama ni shida. Akiona huo, kinachofuata ni yowe, watu na matawi mabichi ya kupigia moto. Mchana kwenye upepo mara nyingi wanausubiri kwenye njia ya moto iliyofyekwa mapema, kwa sababu kuukimbilia ni kujiua. Usiku ukipoa ndo wanaukamata.

Sheria anayo nyuma yake, lakini ya nyumbani zaidi. Mkutano wa jadi wa dagashida ndio unaokaa na kutoza faini, na sungusungu ndio wanaomleta mhusika. Shida ni kwamba aliyewasha mara nyingi ni jirani aliyekuwa anasafisha shamba, au shemeji. Kumtaja mtu wa nyumbani mbele ya kijiji kizima si kazi ndogo.

Upande wa Geita kuna dhahabu, na dhahabu inakula miti. Wachimbaji wadogo wanahitaji magogo ya kushikilia kuta za maduara, na kambi zao zinahitaji mkaa wa kupikia. Kila tanuru ni moshi mmoja zaidi wa kutafsiri kutoka juu ya jiwe, na kila tanuru ni cheche.

Mwezi wa Oktoba mawingu yanaanza kukusanyika mchana, yananguruma, halafu yanapita bila tone. Hizo ndizo wiki mbaya kuliko zote. Mvua ya kweli ikishapiga, mara nyingi Novemba, hofu ya moto inaisha. Ngitili inafungwa upya, na mlinzi yuleyule anaanza kufukuza ng'ombe wa watu.