Tovuti ya biashara ndogo: Jinsi ya kuipanga, kuimiliki na kuitangaza

MFANYABIASHARA anayefungua duka mtaani huanza kwa kujiuliza maswali matatu: duka litakuwa wapi, litauza nini, na ni nani atakayepita mlangoni. Lakini mfanyabiashara huyo huyo anapotaka tovuti, mara nyingi humwita kijana anayeijua kompyuta, akamlipa na kumwachia kila kitu. Hapo ndipo hasara huanzia.

Jambo la kwanza la kuamuliwa si rangi wala picha, bali ni umiliki wa anwani. Nchini Kenya, anwani zote zinazoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, nazo huuzwa na kampuni zilizoidhinishwa. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyotafuta faida .or.ke na vyuo .ac.ke. Tangu 2017, imewezekana pia kusajili jina linaloishia kwa .ke pekee.

Anwani hainunuliwi ikawa mali ya milele. Husajiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi na kulipiwa tena muda unapokwisha. Isipolipiwa, tovuti hutoweka, na baada ya muda mtu mwingine anaweza kulisajili jina hilo. Vilevile, fundi akiisajili kwa jina lake mwenyewe, yeye ndiye atakayetambuliwa kuwa mwenyewe. Siku watakapokosana, au fundi atakapohama bila kuaga, mfanyabiashara atajikuta amepoteza anwani iliyochapishwa kwenye bango, kwenye risiti na kwenye kadi zake, pamoja na barua pepe zinazotumia jina hilo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo, kabla ya kumlipa fundi pesa za mwisho, mwenye biashara anapaswa kuandika mambo matano: jina la aliyesajiliwa kuwa mmiliki, kampuni iliyouza anwani, kampuni inayoihifadhi tovuti, maneno ya siri ya kuingilia, na tarehe ya kulipia upya. Barua pepe iliyotumiwa katika usajili iwe yake, wala si ya fundi.

Baada ya umiliki huja lengo. Chukua mfano wa seremala mwenye karakana kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Wapita njia huviona vitanda na makochi yake, lakini mteja aliye Nakuru au Machakos hawezi. Tovuti ya seremala huyo haihitaji kurasa ishirini. Inahitaji kumjibu mteja haraka: ni samani gani zinazotengenezwa, ni za mbao gani, bei huanzia wapi, huchukua siku ngapi, karakana iko wapi na malipo hufanywa vipi. Bei ikifichwa, wateja wengi hawatauliza; wataenda kwingine.

Malipo nayo yasimsumbue mteja. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa 2007, Wakenya wamezoea kulipa kwa simu, hivyo nambari ya kulipia inafaa kuandikwa waziwazi ikiambatana na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja. Jina hilo likilingana na lile la tovuti, shaka ya ulaghai hupungua.

Aidha, tovuti ipangwe kwa ajili ya simu. Wateja wengi hawataifungulia kwenye kompyuta. Picha zipunguzwe uzito kabla ya kuwekwa, kwa sababu ukurasa mzito humla mteja bando na kumchosha kabla haujafunguka. Picha ziwe za bidhaa halisi za biashara hiyo, wala si za kuokota mtandaoni. Anwani nayo ianze kwa https, ishara kwamba mawasiliano yamefichwa machoni pa wadukuzi. Tangu Julai 2018, kisakuzi cha Chrome kimekuwa kikionya kuwa tovuti zisizo na kinga hiyo si salama.

Tovuti ikishakamilika, kazi ndipo inaanza, kwani biashara ni matangazo. Hatua za mwanzo hazina gharama kubwa. Anwani iandikwe kila pahali panapoandikwa jina la biashara: kwenye bango, risiti, mifuko, gari la kusafirisha mizigo na hali ya WhatsApp. Google humruhusu mfanyabiashara kujiorodhesha bila malipo ili duka lake lionekane kwenye ramani pamoja na saa za kufungua na maoni ya wateja.

Isitoshe, maneno ya kurasa yafanane na yale ambayo mteja huyatumia anapotafuta. Anayetafuta kitanda haandiki "suluhisho bora la malazi". Huandika "kitanda cha mbao Nairobi" na pengine bei. Ukurasa unaoyataja maneno hayo kwa lugha ya kawaida una nafasi nzuri zaidi ya kupatikana. Anayeahidi kuifikisha tovuti nafasi ya kwanza kwa hakika asiaminiwe, kwani hakuna awezaye kuiamulia Google.

Matangazo yasigeuke usumbufu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya majina na nambari za simu kuwaeleza wenyewe sababu ya kufanya hivyo, na kupata idhini yao kabla ya kuzitumia kwa biashara. Kumtumia mteja ujumbe asioutaka ni kuvunja imani yake na kujitia mashakani.

Mwisho, tovuti ipimwe kwa mauzo. Kila mteja mpya aulizwe alikosikia habari za biashara, na jibu liandikwe. Baada ya miezi mitatu, daftari litaonyesha iwapo wateja waliletwa na tovuti, bango au rafiki. Bei zilizopitwa na wakati zibadilishwe, na bidhaa zilizokwisha ziondolewe. Mteja anayepiga nambari isiyopatikana hufikiri kwamba biashara imefungwa, hata kama mlango wa karakana uko wazi na fundi yuko kazini.