Kiatu Kinachoning'inia

Sebuleni kwenye nyumba moja ya Gungu, karibu na Ujiji, juu ya kochi, imetundikwa picha ya Bikira Maria Mama wa Msaada wa Daima. Mtoto amepakatwa mkono wa kushoto. Kwa mikono yote miwili ameung'ang'ania mkono wa kulia wa mama, lakini uso ameugeuzia pembeni, na kiatu cha mguu wa kulia kinaning'inia kwa ukanda. Mwenye nyumba alinieleza kama alivyofundishwa: mtoto alikuwa akicheza, akaona malaika wamebeba msalaba, akakimbilia kwa mama hadi kiatu kikamtoka. Maelezo matamu. Yametoka wapi?

Niliigeuza picha. Nyuma ni kadibodi tupu, haina mwaka wala jina la mchapaji. Wazee wa mtaa wanasema picha hizi zililetwa na Wamisionari wa Afrika, waliofika Ujiji Januari 1879. Tarehe zinaruhusu, maana Papa Pius wa Tisa aliwakabidhi Waredemptoristi picha asili mwaka 1866. Lakini Waredemptoristi ni shirika jingine, na tarehe kuruhusu si ushahidi. Njia hiyo ikafia hapo. Je, picha asili yenyewe inasema nini?

Iko Roma, imechorwa kwenye ubao wa takriban sentimita 54 kwa 41. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara aliiiba Krete, na mwaka 1499 ikawekwa katika kanisa la Mtakatifu Mathayo. Wizi huo siuapii. Krete naikubali: kisiwa kilitawaliwa na Venice, na katika karne ya 15 mafundi wake, akina Andreas Ritzos, walimchora mama huyu kwa mtindo huuhuu. Baadhi ya kazi hizo zina maandishi ya Kigiriki: Kristo, aliyeuvaa mwili wa kufa, anaogopa kuziona ishara za mateso. Kumbe hofu ni ya tangu zamani. Ila maandishi hayataji kukimbia, wala kiatu. Nani aliongeza mbio?

Kukieleza kiatu, wengine hushika Kitabu cha Ruthu, sura ya 4: katika Israeli ya kale mtu alivua kiatu akampa mwenzake kuthibitisha ukombozi wa mali. Hapa sioni anayekabidhi wala anayepokea. Kiatu kimeponyoka tu. Ninachokiona ni mtoto aliyeshtuka. Mama hamtazami mtoto, wala msalaba ulio mikononi mwa malaika Gabrieli. Anatutazama sisi. Ikiwa anayeogopa ni mtoto, mbona huzuni ya macho yale imeelekezwa kwetu?