Usitukane wakunga na uzazi ungalipo

Ndugu wasikilizaji, wiki iliyopita nilisimama kwenye kibanda kimoja cha mtaani, ambako vijana hulipa kidogo kidogo ili wacheze mpira kwenye runinga. Nikamwuliza mwenye kibanda kwa nini mashine zake zote ni PlayStation, hana hata Sega moja. Akacheka. "Mzee wangu, Sega waliacha kutengeneza mashine zamani!"

Ni kweli. Na kisa chenyewe kina funzo kwa kila mfanyabiashara, awe na kiwanda au awe na genge la nyanya.

Biashara ya michezo ya video ilianguka vibaya nchini Marekani mwaka 1983, baada ya maduka kujazwa michezo mibovu. Aliyeifufua, kuanzia mwaka 1985, ni Nintendo ya Kyoto, Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mshindani wake mkubwa akawa Sega, Wajapani vilevile. Mwaka 1991 Sega walimtoa Sonic, kalunguyeye wa buluu mwenye mbio, ashindane na Mario wa Nintendo. Kwa muda Sega walitamba kwelikweli.

Mwaka huohuo wa 1991, kwenye maonyesho ya Chicago, Sony walitangaza mashine ya kutumia diski waliyokuwa wakiitengeneza pamoja na Nintendo. Kesho yake Nintendo wakatangaza kwamba watashirikiana na Philips. Hebu fikiri, ndugu msikilizaji: umetangaza harusi leo, na kesho mchumba anasimama mbele ya watu na kumtaja mwingine! Sony hawakukaa kulia. Mhandisi wao, Ken Kutaragi, alishikilia kazi yake, na Desemba 1994 PlayStation ikaingia madukani Japani. Nintendo walikuwa wamejizalia mshindani wao wenyewe.

Na Sega je? Mwishoni mwa 1994 waliwauzia Wamarekani 32X, kifaa cha kuiongezea nguvu mashine ya zamani. Haikupita hata miezi saba wakaleta mashine mpya kabisa, Saturn. Aliyenunua kile kifaa akabaki ameshika tama.

Maduka yalikuwa yameahidiwa Saturn tarehe 2 Septemba 1995. Lakini tarehe 11 Mei, kwenye maonyesho ya Los Angeles, Sega walitangaza kwamba inauzwa tayari, kwa dola 399, katika maduka ya kampuni nne tu walizozichagua wenyewe. Wenye maduka walioachwa nje walikasirika, na KB Toys wakakataa kabisa kuiuza. Watunzi wa michezo nao walikutwa hawajamaliza kazi. Siku hiyohiyo mtu wa Sony alipanda jukwaani, akataja bei ya PlayStation, "299", akashuka.

Sisemi kwamba hasira ya wenye maduka peke yake ndiyo iliyoiua Saturn. PlayStation ilikuwa na bei nafuu, na watunzi wa michezo waliiona rahisi kuifanyia kazi. Lakini mtu uliyemdharau hakuvumilii siku bidhaa yako inaposuasua. Saturn iliuzwa kiasi cha milioni 9 duniani. PlayStation ilipita milioni 100.

Sega walijaribu tena kwa Dreamcast, iliyotoka Japani mwaka 1998. Ilikuwa mashine nzuri, yenye modemu ya intaneti ndani yake. Lakini fedha zilikuwa zimepungua na imani pia. Electronic Arts, mabingwa wa michezo ya mpira, hawakuitengenezea hata mchezo mmoja. Januari 2001 Sega walitangaza kwamba wanaacha kutengeneza mashine. Mwenyekiti wao, Isao Okawa, aliiachia kampuni mali yake binafsi ya mamilioni ya dola ili isizame, akafariki Machi mwaka huo.

Sega wakabaki kutunga michezo ya kuchezwa kwenye mashine za wengine. Kabla ya mwaka 2001 kwisha, Sonic alikuwa akikimbia ndani ya mashine ya Nintendo!

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mkunga wa mfanyabiashara ni muuza duka, ni fundi, ni mshirika, ni mteja aliyekuamini jana. Wewe unayetaka kumruka leo, jiulize: bidhaa yako ijayo ataipokea nani?

Kwa leo naishia hapa.